Wapenzi wa jinsia moja ni wangapi? Kwa nini kila hesabu inatoa jibu lake

Swali linaulizwa kwenye vipindi vya redio, makanisani, ndani ya mabasi ya Lubumbashi na kwenye makundi ya WhatsApp ya Goma na Bukavu: hawa wapenzi wa jinsia moja ni wangapi hasa? Mmoja atasema ni mtu mmoja katika kila watu kumi. Mwingine ataapa kwamba hapa Kongo hawapo, na kwamba jambo hilo limeletwa na Wazungu. Wote wawili wanasema kwa uhakika, na hakuna kati yao mwenye hesabu mkononi.

Hesabu zenyewe zipo. Kwa zaidi ya miaka 75 watafiti wamekuwa wakiwauliza watu swali hili katika nchi kama Marekani, Uingereza, Ufaransa na Afrika Kusini. Majibu yao hayalingani. Utafiti mmoja unatoa asilimia 1, mwingine asilimia 3, mwingine asilimia 5 au zaidi. Msomaji anaweza kudhani kwamba watafiti hao hawajui kazi yao. Ukweli ni kwamba tofauti hizo zinatokana zaidi na mambo mawili: swali gani limeulizwa, na mtu aliyeulizwa ana woga kiasi gani wa kujibu.

Kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, suala hili haliishii kwenye mabishano. Mipango ya kupambana na ukimwi inategemea makadirio ya watu walio katika hatari kubwa. Idadi ndiyo inayosema kondomu ngapi ziagizwe, vipimo vingapi vipelekwe kwenye kituo gani, na waganga wangapi wafundishwe. Namba ikikosewa, kuna watu watakosa dawa.

Asilimia 10 ilitoka wapi

Namba inayojulikana kuliko zote ni asilimia 10. Chanzo chake ni kitabu kilichotolewa Marekani mwaka 1948 na Alfred Kinsey, profesa wa Chuo Kikuu cha Indiana. Kinsey alikuwa mtaalamu wa wadudu. Alitumia miaka mingi kukusanya nyigu kabla ya kugeukia tabia za binadamu. Yeye na wenzake waliwahoji wanaume Wazungu wapatao 5,300 kuhusu maisha yao ya ngono, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa ukubwa huo.

Matokeo yalishtua Marekani. Asilimia 37 ya wanaume waliohojiwa walisema wamewahi, angalau mara moja tangu wabalehe, kufikia kilele katika tendo na mwanaume mwingine. Asilimia 10 walikuwa wameishi hasa na mwelekeo huo kwa muda wa angalau miaka mitatu, kati ya umri wa miaka 16 na 55. Asilimia 4 walikuwa hivyo maisha yao yote. Mwaka 1953 kikatoka kitabu cha pili, kuhusu wanawake, na humo viwango vilikuwa vya chini.

Kwa hiyo Kinsey hakusema kwamba mtu mmoja kati ya kumi ni shoga. Alitoa namba kadhaa, kila moja na maana yake. Hata alipendekeza kipimo cha ngazi saba, kuanzia 0 hadi 6, kwa sababu aliona watu wengi hawakai upande mmoja tu. Lakini kuanzia miaka ya 1970 wanaharakati wa Marekani walichukua asilimia 10 na kuitangaza kama idadi ya watu wote. Namba hiyo ni ya duara, ni rahisi kukumbuka, na ikasafiri dunia nzima.

Tatizo lilikuwa namna watu walivyopatikana. Kinsey hakuchagua watu kwa bahati nasibu kutoka katika taifa zima. Alichukua waliojitolea kuzungumza, na miongoni mwao walikuwemo wafungwa wengi. Anayekubali kwa hiari kueleza siri za chumbani hafanani na jirani yake aliyekataa. Mwaka 1954 kamati ya wataalamu wa takwimu wa Marekani, iliyowajumuisha William Cochran, Frederick Mosteller na John Tukey, ilichapisha tathmini yake. Walitambua ukubwa wa kazi iliyofanyika, lakini walionyesha kwamba namba zile haziwezi kupelekwa moja kwa moja kwa wananchi wote.

Ni sawa na mtu anayetaka kujua ni wangapi katika mji wa Bukavu wanaovuta sigara, halafu anakwenda kuuliza kwenye baa peke yake. Atapata jibu, lakini litakuwa jibu la baa.

Swali moja lina maswali matatu ndani yake

Tuchukue watu watatu wa kufikirika. Wa kwanza ni baba wa watoto wanne ambaye alilala na mwanaume mwenzake alipokuwa na miaka 19, kambini, na hakurudia tena. Wa pili ni mwanamke aliyeolewa, ambaye tangu ujana wake moyo wake huvutwa na wanawake, lakini hajawahi kumgusa hata mmoja. Wa tatu ni mwanaume anayeishi na mpenzi wake wa kiume na ambaye, kwa watu anaowaamini, husema wazi kwamba yeye ni shoga.

Ni yupi kati yao ahesabiwe? Ukiuliza kuhusu tendo, utawapata wa kwanza na wa tatu. Ukiuliza kuhusu mvuto wa moyo, utawapata wa pili na wa tatu. Ukiuliza mtu anajiitaje, utampata wa tatu peke yake. Watu ni walewale, lakini swali limebadilika na namba imebadilika pamoja nalo.

Hilo lilionekana wazi katika utafiti uliofanywa Marekani mwaka 1992 na kundi la Chuo Kikuu cha Chicago lililoongozwa na Edward Laumann. Safari hii watu 3,432 wa umri wa miaka 18 hadi 59 walichaguliwa kwa bahati nasibu. Waliojitambulisha kuwa mashoga, wasagaji au watu wanaopenda jinsia zote mbili walikuwa asilimia 2.8 ya wanaume na asilimia 1.4 ya wanawake. Lakini waliosema wamewahi kufanya tendo lolote na mtu wa jinsia yao tangu wabalehe walikuwa asilimia 9.1 ya wanaume na asilimia 4.3 ya wanawake. Ndani ya utafiti mmoja, pengo ni la zaidi ya mara tatu.

Mwaka 2011 mtaalamu wa idadi ya watu Gary Gates, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alikusanya pamoja matokeo ya tafiti mbalimbali. Kwa Marekani alipata kwamba asilimia 3.5 ya watu wazima wanajitambulisha hivyo, asilimia 8.2 wamewahi kufanya tendo hilo, na asilimia 11 wanakiri kuwa na mvuto fulani kwa watu wa jinsia yao.

Anayetaka namba kubwa atachagua ya mwisho. Anayetaka ndogo atachagua ya kwanza. Wote watasema wamesoma utafiti, na wote watakuwa wamesema kweli nusu.

Hata nchi tajiri ziliogopa kuuliza

Wengine wanadhani woga wa swali hili ni wa Afrika tu. Historia inasema vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ukimwi ulipokuwa unaua bila dawa ya kuuponya, watafiti wa Uingereza walitayarisha utafiti mkubwa wa taifa kuhusu tabia za ngono. Mwaka 1989 serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kuutolea pesa. Kazi iliokolewa na mfuko wa binafsi wa Wellcome, na karibu watu 19,000 wakahojiwa. Marekani nako, mwaka 1991, baraza la seneti lilizuia pesa za serikali kwa utafiti wa aina hiyo. Ule wa Chicago ulifanyika kwa fedha za mashirika binafsi, na ukalazimika kupunguza idadi ya watu uliokusudia kuwahoji.

Ufaransa ilienda mbele zaidi. Mwaka 1992 watu wapatao 20,000 walihojiwa kwa simu. Waliosema wamewahi kufanya tendo na mtu wa jinsia yao walikuwa asilimia 4.1 ya wanaume na asilimia 2.6 ya wanawake. Swali hilo liliporudiwa mwaka 2006, wanaume walibaki palepale, lakini wanawake walipanda hadi asilimia 4.

Mkono unaoandika na sikio linalosikia

Mtu akiulizwa na mgeni, uso kwa uso, huku mama mkwe akiwa chumba cha pili, atajibu nini? Watafiti wameligeuza swali hili kuwa jaribio.

Mwaka 1995, katika utafiti wa vijana wa kiume wa Marekani wenye umri wa miaka 15 hadi 19, kundi moja lilijaza fomu ya karatasi. Kundi lingine lilisikiliza maswali kwa vipokea sauti vya masikioni na kubonyeza majibu kwenye kompyuta, bila mtu mwingine kusikia wala kuona. Kwenye karatasi, asilimia 1.5 walisema wamewahi kufanya ngono na mwanaume. Kwenye kompyuta walikuwa asilimia 5.5. Vijana walikuwa wa aina moja na maswali yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni faragha tu. Matokeo hayo yalitolewa katika jarida la Science mwaka 1998.

Ipo mbinu nyingine, ya orodha, ambayo haimlazimishi mtu kukiri lolote. Tuseme watu 2,000 wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza linapewa sentensi nne za kawaida, kwa mfano: nimewahi kupanda boti kwenye Ziwa Kivu, nina simu mbili, nimewahi kuishi nje ya mkoa wangu, sipendi mpira wa miguu. Kila mtu anataja idadi ya sentensi zinazomhusu, bila kusema ni zipi. Kundi la pili linapewa sentensi hizohizo nne na ya tano juu yake, kuhusu ngono na mtu wa jinsia yake. Ikiwa wastani wa kundi la kwanza ni 1.80 na wa kundi la pili ni 1.85, tofauti ya 0.05 inaonyesha kwamba takriban asilimia 5 wamekubali sentensi ya tano. Mtafiti anajua kiasi, lakini hajui ni nani.

Wachumi watatu wa Marekani walitumia mbinu hiyo kwa watu wapatao 2,500 kwenye intaneti, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Walipoulizwa moja kwa moja, asilimia 11 walisema wao si watu wa mvuto wa kawaida kwa jinsia nyingine pekee. Kwa njia ya orodha walifika asilimia 19. Watafiti wenyewe walionya kwamba watu wao hawakuwakilisha Marekani yote, kwa hiyo namba hizo zisichukuliwe kama idadi ya taifa. Fundisho lao lilikuwa ukubwa wa pengo: hata kwenye fomu ya intaneti isiyo na jina, wengi bado walikuwa wanaficha.

Lakini kosa linaweza kwenda upande wa pili pia. Kundi likiwa dogo, makosa machache hulivimbisha. Katika watu 10,000, ikiwa mmoja kati ya mia moja amebonyeza kitufe kisicho chake, hajaelewa neno, au anafanya mzaha, tayari kuna watu 100 wa bandia. Wataalamu wamebishana sana kuhusu vijana wa shule wa Marekani waliojaza majibu ya utani katika tafiti kubwa za miaka ya 1990. Mtafiti makini hupima woga, na hupima pia mzaha.

Namba zinazopanda

Katika nchi ambako swali linaulizwa kila mara, namba zinapanda. Shirika la Gallup la Marekani lilipata asilimia 3.5 ya watu wazima mwaka 2012. Mwaka 2020 ilikuwa asilimia 5.6, na mwaka 2024 ilifika asilimia 9.3. Hesabu ya Gallup inajumuisha pia watu waliobadili jinsia. Sehemu kubwa ya ongezeko ni vijana, hasa wanawake, wanaosema wanavutiwa na jinsia zote mbili. Kwa wazee waliozaliwa kabla ya mwisho wa vita vya pili vya dunia, kiwango hakifiki hata asilimia 2.

Uingereza na Wales ziliweka swali hilo kwenye sensa ya mwaka 2021 kwa mara ya kwanza, kwa watu wa miaka 16 na zaidi, na kujibu kulikuwa kwa hiari. Asilimia 3.2, yaani kama watu milioni 1.5, walijitambulisha kuwa mashoga, wasagaji, wapenda jinsia zote mbili au wa mwelekeo mwingine. Asilimia 7.5 hawakujibu. Idadi ya walionyamaza ilikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi ya waliojitambulisha, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni wangapi kati yao walinyamaza kwa woga na wangapi kwa kuchoka na maswali.

Je, watu wenyewe wameongezeka, au wanaosema ndio wameongezeka? Wapinzani huona mtindo unaoenea. Watetezi huona milango iliyofunguliwa. Namba peke yake haiwezi kumaliza ubishi huo. Jina ambalo mtu anajiita hubadilika haraka pale sheria na jamii zinapobadilika, lakini waliojibu kuhusu tendo, kama wanaume wa Ufaransa kati ya 1992 na 2006, wakati mwingine hawasogei kabisa.

Jambo moja limethibitishwa: wananchi wa kawaida ni wakadiriaji wabaya. Gallup ilipowaomba Wamarekani wakisie mwaka 2019, wastani wa makisio yao ulikuwa karibu asilimia 24. Kinachozungumzwa sana huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Kuhesabu wasiotaka kuonekana

Afrika ya Kati na Mashariki ina ugumu mwingine: jibu linaweza kumfunga mtu. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2023 yenye kifungo cha maisha, na hata adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita makubwa zaidi. Tanzania inaweza kutoa kifungo cha maisha. Kenya ina kifungo cha hadi miaka 14 katika kanuni yake ya adhabu. Burundi ilifanya mapenzi hayo kuwa kosa mwaka 2009. Rwanda haina sheria ya kuyaadhibu. Nchini Kongo hakuna kifungu kinachotaja tendo hilo kati ya watu wazima kuwa kosa, ingawa Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, inazungumzia ndoa na mtu wa jinsia nyingine, na kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu kuhusu maadili ya hadharani kinaweza kutumiwa dhidi ya watu hao.

Mahali kama hapa, kupita nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi hakuleti kitu. Ndiyo maana watu wa afya walikopa mbinu kwa wanaohesabu wanyama na samaki. Mvuvi akitaka kujua samaki waliomo bwawani, anaweza kukamata 100, kuwatia alama na kuwarudisha majini. Siku nyingine anatupa wavu tena. Akipata samaki 80, na kati yao 8 wana alama, basi waliotiwa alama ni sehemu ya kumi ya waliokamatwa. Kwa hiyo bwawa lina samaki wapatao 1,000.

Mbinu hiyo ilitumika Mombasa, Kenya, katika miaka ya 2000. Watafiti waliwatafuta wanaume wanaouza ngono kwa wanaume wenzao katika sehemu wanazokutana, kisha wakarudi mara ya pili na kuangalia ni wangapi walikuwa wamewaona tayari. Makadirio yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalikuwa wanaume 739 ndani ya mji na kandokando yake. Watafiti hawakutoa asilimia ya wanaume wote wa Kenya, wala hawakudai kuwa nayo. Walihesabu kundi moja, katika mji mmoja, kwa lengo moja: huduma zianze.

Afrika Kusini, ambako sheria inawalinda watu hao, imewezekana kuuliza majumbani. Katika utafiti uliofanywa kwenye mikoa ya Eastern Cape na KwaZulu-Natal, na kuchapishwa mwaka 2013, asilimia 5.4 ya wanaume walisema wamewahi kuwa na tendo la hiari na mwanaume mwingine. Kiwango hicho hakiko mbali na vile vya Ufaransa na Uingereza kwa swali linalofanana nalo.

Sifuri nayo ina gharama

Mwaka 2007, akiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, Mahmoud Ahmadinejad, rais wa Iran wa wakati huo, alisema kwamba nchi yake haina mashoga kama walioko Marekani. Ukumbi ulicheka. Lakini serikali nyingi zimeandika jambo kama hilo kwenye ripoti rasmi bila kuchekwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipitia ripoti ambazo nchi 154 zilipeleka Umoja wa Mataifa kuhusu ukimwi. Ulionyesha kwamba nchi zinazoadhibu mapenzi ya jinsia moja ndizo zilizoelekea zaidi kutotoa makadirio yoyote, au kutoa idadi ndogo isiyoaminika ya wanaume hao. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walitoa mwongozo: pasipo na takwimu nzuri, makadirio ya wanaume wanaofanya ngono na wanaume yasishuke chini ya asilimia 1 ya wanaume watu wazima. Chini ya hapo, walisema, kuna sababu ya kuamini kwamba hesabu ina kasoro.

Sababu ya ukali huo ni ugonjwa. Kwa mujibu wa UNAIDS, mwaka 2023 watu wazima wa umri wa miaka 15 hadi 49 walioishi na virusi vya ukimwi duniani walikuwa asilimia 0.8. Kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, kiwango kilikuwa asilimia 7.7. Na wengi wa wanaume hao barani Afrika wana wake au wachumba. Virusi havisomi Katiba, wala haviulizi mtu anajiitaje.

Kongo: nchi ambayo bado haijajihesabu

Nchini RDC ugumu unaanza chini kabisa. Ili kupata asilimia, unahitaji kwanza kujua jumla. Hesabu ya mwisho ya watu wote ilifanyika mwaka 1984, wakati nchi ikiitwa Zaire, na ilipata watu wapatao milioni 30. Leo Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba wamepita milioni 100. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekuwa baba au mama wa watu wazima, na hajawahi kuhesabiwa tena.

Katika mipango ya taifa ya kupambana na ukimwi, inayoratibiwa na PNMLS, kundi hili linajulikana kwa herufi tatu za Kifaransa: HSH, yaani wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Jina hilo limechaguliwa kwa makusudi. Halisemi mtu ni nani, wala anampenda nani. Linataja tendo, kwa sababu tendo ndilo linalopitisha virusi. Linawaacha nje wanawake wanaowapenda wanawake. Hao karibu hawaonekani katika takwimu yoyote ya eneo hili, kwa kuwa pesa nyingi za utafiti zimekuja kwa njia ya ukimwi.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Tuchukue zoni ya afya ya kufikirika yenye wanaume watu wazima 40,000. Kwa kiwango cha chini cha asilimia 1, wanaolengwa ni 400. Kwa asilimia 3, ni 1,200. Mpango ukiandika 400 wakati ukweli ni 1,200, watu 800 hawamo kwenye bajeti. Mpango ukiandika sifuri, kituo hakitapata hata muuguzi mmoja aliyefundishwa kuwapokea, na mgonjwa anayeogopa kusema ukweli atatibiwa kwa kubahatisha.

Kuna hatari ya upande wa pili, na wafanyakazi wa afya wanaijua. Ramani ya sehemu ambako watu hao wanakutana inaweza kusaidia kupeleka dawa. Ikiangukia mikono mibaya, inaweza kusaidia kuwapiga. Ndiyo maana mbinu nzuri hazichukui majina, wala picha, wala anwani. Kuhesabu watu na kuwaandikisha ni mambo mawili tofauti, na pale watu wanapoyaona kuwa jambo moja, hakuna atakayejibu.

Namba ikitajwa, ulizeni

Je, kuna jibu basi? Lipo, lakini lina masharti. Katika nchi ambako watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu na kuhakikishiwa siri, tafiti nyingi zimewapata wanaojiita mashoga, wasagaji au wapenda jinsia zote mbili kuwa asilimia chache, na namba hiyo inapanda kadiri woga unavyopungua na kizazi kinavyobadilika. Waliowahi kufanya tendo ni wengi zaidi ya hao, na wenye mvuto moyoni ni wengi zaidi kidogo. Kwamba ni mtu mmoja kati ya kumi, kama tamko la jumla, hakukuwahi kuthibitishwa. Kwamba ni sifuri hakujawahi kuonekana popote palipoulizwa kwa uangalifu.

Msomaji anayesikia namba redioni au kanisani anaweza kuipima kwa maswali manne. Imehesabiwa tendo, mvuto au jina? Watu walichaguliwaje? Walijibu mbele ya nani? Na kama wangesema ndiyo, ni nini kingewapata?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Sensa mpya ya Kongo, ambayo imekuwa ikiahidiwa kwa miaka mingi, itakapofanyika itahesabu nyumba, watoto, visima na mashamba. Baba yule wa watoto wanne, mwanamke yule aliyenyamaza na mwanaume yule mwenye mpenzi wake watakuwemo wote katika jumla. Watakachohesabiwa zaidi ya hapo kitategemea kama siku moja kujibu hakutakuwa na bei.